Tuko Mmoja

Usiku wa tatu kutoka Mirbat, belati ikaanza
saa nane kasoro, bila hodi.
Si upepo wa baharini huu. Ni wa jangwani,
umeshuka na baridi yake kutoka changarawe za Jiddat al-Harasis,
nami, maili arubaini nje ya pwani,
nikalamba midomo: chumvi, kisha mchanga.
Mchanga! Baharini!
Kama mtu aliyekufuata hadi kitandani na viatu.

Chombo changu ni futi ishirini na saba, fiba,
nilikinunua kwa Mholanzi aliyechoka,
na kwa kuwa kilibaki wengine walipokwisha kuchagua
nikakiita Kiporo.
Watu wa bandarini walicheka.
Kiporo si taka, niliwaambia. Kipashwe moto tu.

Sasa kinapashwa.
Tanga kubwa nimelikunja mara tatu, limebaki kama leso.
Rubani wa umeme alikohoa mara moja akazima.
Usukani nimeufunga kwa mpira wa hospitali,
ule wa kukaza mkono kabla ya sindano.
Miaka thelathini nimetafuta mishipa ya watu wa Ruwi;
leo natafuta wimbi, kwa vidole vilevile,
gizani, kwa kupapasa.

Upepo huu haukusukumi kwenye mwamba.
Unakusukuma kwenye nafasi,
na nafasi haina pa kugonga.

Kidude cha jikoni cha kupimia mayai
kinalia kila robo saa, niamke nitazame meli.
Ndio usingizi wangu huo, umeandikwa kama dawa:
kutwa mara tisini na sita.

Saa kumi, wimbi moja lisilo na adabu
likaacha mstari wa wenzake, likaja kwa ubavu.
Kiporo kikalala.
Dengu zikapanda ukutani, zikatembea darini.
Kikafikiri.
Kikainuka.

Hapo nikatukana.
Nilimtukana Mholanzi, na fundi wa Barka aliyeniuzia betri,
na marehemu mume wangu kwa kufa
kabla ya kujifunza fundo hata moja;
nikatukana kwa Kipemba cha mama,
yale maneno yasiyo na tafsiri wala toba.

Redio ikakoroma. Kisha sauti ya kijana,
ya Tanga kabisa, ya upole:
"Mama. Mama mwenye chombo kidogo.
Umekalia kitufe. Tunakusikia meli nzima."

Hata belati nadhani ilinyamaza kidogo, kwa haya.

Upande wa demani, tani laki mbili za mafuta
zilikuwa zinakuja na taa zake kama nyumba ya harusi,
na juu yake mwana wa watu, afisa wa zamu,
bila shaka na kikombe cha chai kisichomwagika.
"Mko wangapi?" akauliza.

Mama hakunifunza kusema sijambo.
Sema hatujambo, Thuweiba.
Nani amekuambia umesimama hapo peke yako?

"Tuko mmoja," nikasema.

Nilingoja acheke. Nikasikia kalamu.
"Haya. Nawaona kwenye rada. Nyote mmoja.
Nawapisha."
Na lile jumba likageuza omo,
polepole, kama ng'ombe aliyeshiba,
kwa ajili ya wingi wangu.

Hilf, siku mbili baadaye.
Kitanda hakichezi, ndiyo sababu silali.
Kidude kinalia ndani ya mkoba;
naruka, nakimbilia dirishani kutazama meli.
Mbuzi watatu nyuma ya pikapu, wanangoja feri.
Mmoja ananitazama, anatafuna kamba yake.
Nahesabu tena, kwa uhakika.
Kisha nakizungusha kile kidude:
robo saa nyingine.